Spacio: betri inakufa tangu niweke redio ya Android, na bado nataka kamera ya rivasi na rimoti ya milango. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

SpacioWaArua

Hamjambo wakubwa. Mimi niko Arua, natembelea Toyota Spacio ya 2004, injini ile 1NZ ya kawaida. Gari haina shida ya maana, imenipeleka Kampala na kunirudisha sijui mara ngapi, ila ilikuja na ile redio ya Japani inayoanzia 76 na kuishia 90, nyote mnaijua, nikiwa Kampala CBS 88.8 inaingia vizuri lakini ukitaka Capital 91.3 hakuna, redio yenyewe haijui kama namba hiyo ipo duniani. Basi mwezi wa tatu nikapata jamaa mmoja huko huko Kampala akaniwekea redio ya Android, skrini inchi 9, tena kando ya barabara, nusu saa kamaliza, nikalipa nikaondoka nacheka peke yangu.

Kicheko kiliisha Jumatatu. Gari nililiacha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi nageuza ufunguo linasema tik tik tik. Tukasukuma na majirani likawaka. Tangu hapo ukililaza siku mbili linaamka kwa shida, ya tatu haliamki kabisa. Fundi wa hapa karibu akasema betri imezeeka, nikanunua mpya, wiki mbili hazikuisha tukarudi pale pale. Ukiendesha kila siku huoni kitu.

Na juu ya hayo nimeshanunua kamera ya rivasi (habari za mwembe ulio nyuma ya nyumba yangu tuziache) na boksi la rimoti ya kufunga milango, limekuja na rimoti mbili na mota nne. Muuzaji anasema lazima nifungue milango yote minne nipachike hizo mota. Lakini mimi gari langu ukibonyeza swichi ya mlango wa dreva milango yote inajifunga yenyewe, sasa hizo mota ni za nini?

Nina bisibisi, koleo, tepu nyeusi na wikendi mbili. Nifanye mwenyewe au najitafutia balaa? Na hiyo betri nianzie wapi?

Dereva_Malaba

Peleka kwa fundi ndugu yangu. Umeme wa gari si bomba la maji kwamba likivuja utaliona. Mimi niliweka taa za ukungu mwenyewe mwaka juzi, nikachukua moto moja kwa moja kwenye betri, waya nikaupitisha kwenye tundu la ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dreva, fyuzi sikuweka kwa sababu nilisema ni taa tu. Miezi minne ilikuwa sawa. Siku moja niko kwenye foleni ya malori pale mpakani nasikia harufu kama mtu anachoma ndala. Moshi unatoka chini ya dashibodi. Bati lilikuwa limekata plastiki ya waya polepole kwa kutikisika mpaka likafika kwenye shaba. Nilichofanya ni kuruka nje na kung'oa tamino ya betri kwa spana niliyoazima kwa dreva wa lori, mkono ukitetemeka. Waya wote ulikuwa umeyeyuka, umeshikana na wenzake kama tambi zilizopikwa sana.

Sikutishi lakini ndiyo hivyo.

Fundi_Waya_Jinja

@Dereva_Malaba pole, lakini hapo taa hazikukosa kitu, iliyokosekana ni fyuzi ya shilingi kidogo na kipande cha mpira kwenye tundu. Fyuzi inawekwa karibu na betri, kabla waya haujaenda popote, kiasi cha kiganja kimoja hivi kutoka kwenye tamino. Wengi wanaiweka mwisho wa waya karibu na kifaa, sasa waya ukikatwa njiani fyuzi iko mbele ya tatizo inaangalia tu.

@SpacioWaArua acha kwanza kununua betri. Swali moja: ukitoa ufunguo, ile skrini inazima yenyewe au unaizima kwa kidole?

SpacioWaArua

Kwa kidole mzee. Nabonyeza kile kitufe cha pembeni nakishikilia kidogo, inazima. Nilidhani ndivyo zilivyo, si ni kama simu?

Fundi_Waya_Jinja

Haha. Hapana ssebo, hazipo hivyo.

Sikiliza. Redio karibu zote za kununua zina waya wa njano, mwekundu na mweusi. Mweusi ni athi, yaani upande wa hasi unaorudi kwenye bodi ya gari. Njano ni moto wa kudumu, upo saa zote, kazi yake kushikilia saa na stesheni zako. Mwekundu ni moto wa aksesori, unakuja ukigeuza ufunguo na unaondoka ukiutoa, huo ndio unaoiambia redio mwenye gari kafika au mwenye gari kaenda. Sasa fundi mwenye haraka akiona plagi ya redio mpya haikubaliani na plagi ya gari, au akikosa waya wa aksesori, anachukua njano na nyekundu anazisokota pamoja kwenye moto wa kudumu. Redio inawaka, mteja anafurahi, hela inalipwa. Hiyo Android ni kompyuta nzima, kwa akili yake wewe hujawahi kushuka kwenye gari tangu mwezi wa tatu. Unaizima uso tu, tumbo linaendelea kula.

Lakini usiniamini, pima. Nunua multimita, kile kipimo cha umeme, hata ile ndogo ya njano DT830 inatosha, mimi ya kwangu nilinunua elfu ishirini na inafanya kazi mpaka leo. Fungua boneti, zima kila kitu, ufunguo uweke mfukoni. Mlango wa dreva uache wazi lakini ule ulimi wa loki usukume kwa bisibisi mpaka ujifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Legeza tamino ya hasi, ile ya athi. Waya mwekundu wa multimita uhamishe kwenye tundu la 10A, swichi uigeuze kwenye 10A, ncha moja kwenye ile kebo uliyotoa, ncha nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, umeme wote unaoibiwa utapita katikati ya multimita. Subiri kama dakika ishirini ndiyo usome, vitu vingine vinachelewa kulala.

Vitu viwili humo vinaua multimita. USIWASHE gari ikiwa imeunganishwa hivyo, stata inakula mamia ya ampea. Na ukimaliza RUDISHA waya mwekundu kwenye tundu la volti, maana ukiuacha kwenye 10A halafu ukaenda kupima volti za betri umefanya shoti ya betri nzima, na hizi za bei rahisi tundu hilo mara nyingi halina fyuzi. Nimeona ncha ya multimita ikirukia kwenye fenda.

Gari kama lako likilala vizuri lisome chini ya miliampea 50, yaani 0.05 kwenye skrini. Ukiona 0.3 au 0.4 umempata mwizi. Chukua 0.4 zidisha masaa 24 ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, na betri ya Spacio ni kama 45 ikiwa mpya na imejaa. Siku mbili na nusu nusu ya betri imeondoka. Inafanana na hadithi yako au haifanani?

Ukiona namba kubwa toa fyuzi moja moja, unaitoa unaangalia namba, haikushuka unairudisha unaenda nyingine. Ikishuka ghafla umefika.

MamaTwins_Bombo

Kama multimita bado, chukua balbu ya wati 5 ya indiketa ya pembeni, iunganishe katikati ya nguzo ya hasi na kebo yake. Ikiwaka waziwazi kuna kitu kinakunywa, isipowaka kabisa gari limelala. Baba yangu alitumia hiyo miaka yote kwenye Land Rover na hakuwahi kushika multimita.

Kuhusu kamera, mimi niliweka yangu mwenyewe kwenye Toyota Wish na sijui hata kubadilisha tairi, kwa hiyo utaweza. Kazi ilinichukua Jumamosi nzima, na saa tatu kati ya hizo zilikuwa ni kupitisha waya kwenye ule mpira mweusi unaounganisha mlango wa nyuma na bodi. Nilijaribu kusukuma kwa kidole, kwa spoku ya baiskeli, mpaka nikakasirika. Mwishowe nikachukua waya mgumu wa hanga, nikaupaka sabuni ya kuoshea vyombo, nikafunga ule wa kamera kwa tepu kwenye ncha yake, ukateleza kama mlenda. Sabuni!! Usisahau sabuni.

Kamera inapata moto kutoka kwa taa ya rivasi. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, breki ya mkono juu, gia weka R, halafu pima nyuma ya taa ni waya upi unapata volti 12, ukitoa R unapotea. Huo ndio wako. Kwenye ile kebo ndefu ya video utaona waya mwembamba mwekundu umechomoza pande zote mbili, wengi wanaukata wakidhani ni takataka. Nyuma unauunga hapo hapo kwenye moto wa rivasi, mbele unauunga na waya wa redio ulioandikwa BACK, ndipo redio inajua imefika saa ya kuonyesha kamera. Bila hivyo kamera inafanya kazi lakini skrini inabaki kwenye muziki wewe unagonga mwembe.

Kitu cha mwisho, kwenye kamera kuna vikamba viwili vya waya vilivyopindwa kama kitanzi, kimoja ni cha ile mistari ya rangi na kingine cha kugeuza picha kushoto-kulia. Yangu nilipoiwasha kwanza namba za gari la nyuma zilisomeka kinyume kama kwenye kioo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa!! mimi nikadhani imeharibika nikakata kitanzi, ikawa ukikata usukani kulia picha inakwenda kushoto. Nikarudi kuunga tena. Usikate kitu kabla ya kurudi nyuma nalo mara mbili tatu.

SpacioWaArua

Awadifo dada, sabuni nimeandika. Nauliza kabla sijafungua dashibodi, mtu mmoja kwenye steji aliniambia nyaya za njano za gari usiguse kabisa zinalipuka, sasa fundi ananiambia nishike njano. Njano ipi?

Fundi_Waya_Jinja

Swali zuri na huyo wa steji kasema kweli. Njano ya redio ni waya mmoja mwembamba kwenye plagi ya redio. Zile za kuogopa ni za eabegi, ule mfuko unaojaa hewa ukigonga, utaziona chini ya usukani na kwenye dashibodi upande wa abiria, plagi yote ya njano na mara nyingi nyaya ziko ndani ya bomba la njano. Hizo usipime hata kwa multimita, na ile testa ya balbu usiisogeze kabisa maana inapitisha umeme wa kutosha kuamsha kitu. Kabla ya kufungua chochote karibu nazo zima gari, toa ufunguo, ng'oa hasi ya betri, halafu subiri, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90 kwa sababu eabegi ina akiba yake ya umeme hata betri ikiondolewa. Mimi nakwenda kunywa chai kabisa.

Ukirudisha betri usishangae kama kioo cha dreva hakipandi chenyewe kwa mguso mmoja. Toyota nyingi zinasahau, unakipandisha mpaka juu na kushikilia kitufe sekunde chache, kinakumbuka.

Afande_Mstaafu

Kijana wa Arua, salaam. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye karakana ya jeshi, sasa nimestaafu nafuga kuku, lakini bado nashika bisibisi. Nakuuliza: gari lako ukiwasha linasema maneno ya Kijapani, sauti ya mwanamke?

SpacioWaArua

Shikamoo afande. Ndiyo!! Kila asubuhi. Watoto wangu wameshayakariri wanayasema wakiingia shule. Tulidhani anatusalimia.

Afande_Mstaafu

Marahaba. Hakusalimii, anakulalamikia kwamba hujaweka kadi. Hicho ni kisanduku cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, kiko ama chini ya usukani au kwenye droo ya mbele. Huku hakina kazi hata kidogo, pale Entebbe Expressway tulianza kulipa Januari 2022 lakini kisanduku hicho hawakitambui. Watu wanakaa nacho miaka kumi kinaongea peke yake.

Sasa sikia uzuri wake. Nyuma ya kisanduku hicho kwa kawaida kuna nyaya tatu: moto wa kudumu, moto wa aksesori, na athi. Zote zimefika hapo tayari, Mjapani alizipitisha kwa utulivu wake, hakuna tundu la kutoboa, hakuna kebo ya kuvuta kutoka kwa betri. Ng'oa kisanduku, pima ni ipi na ipi, na hapo una mahali safi pa kuchukua umeme kwa vitu vidogo kama kamera ya dashibodi au lile boksi lako la rimoti likiwa linatuma ishara tu. Angalia kama alichukua kutoka kwenye fyuzi ya ampea ngapi na wewe weka fyuzi yako ndogo juu yake. Usipachike hapo kitu kikubwa, sijui amplifaya, sijui jokofu la soda. Mimi nimefanya hivyo kwenye magari ya wanangu wote watatu.

Na athi iwe kwenye boliti ya bodi, mahali umekwangua rangi mpaka bati linang'aa. Nusu ya magari niliyoletewa "boksi limekufa" boksi lilikuwa zima, athi ilikuwa imefungwa juu ya rangi.

Kijana_wa_Kasese

Wakubwa samahani kuingilia, mimi nina Premio nataka kuweka ile start ya kubonyeza kidole na pia cruise (gari kushikilia mwendo lenyewe bila mguu kwenye mafuta), nimeona seti ya start inauzwa bei nzuri tu. Ni rahisi?

Fundi_Waya_Jinja

Fungua mada yako kijana tusimharibie mwenzako, ila kwa kifupi: kitufe cha kuwashia ningekuambia uache. Ufunguo wako una chipu ndani, gari bila kuiona haliwaki, sasa hizo seti za bei rahisi zinakutaka uchukue ufunguo wa pili uufiche ndani ya dashibodi karibu na koili inayosoma chipu ili gari lidhani ufunguo upo muda wote. Maana yake umemwachia mwizi ufunguo ndani ya gari milele. Halafu ile loki ya usukani, nani ataifungua? Wengine wanaikata. Wengine hawaikati vizuri, na siku inajifunga uko kwenye kona za kuteremka Kabale. Hapana.

Cruise ni habari nyingine, hiyo inawezekana kwa Toyota nyingi kama throtoli (mlango wa hewa wa injini) ni ya umeme. Fungua boneti, ukiona kebo ya chuma inatoka kwenye pedali ya mafuta mpaka kwenye throtoli basi sahau. Kama ni plagi ya umeme tu, mara nyingi kompyuta ya gari tayari inajua cruise, kinachokosekana ni kile kijiti cha kwenye usukani na nyaya zake, ila kijiti kinapita pale pale penye eabegi kwa hiyo soma nilichomwandikia mwenzako juu.

Dereva_Malaba

Cruise Uganda ya nini jamani, Karuma nyani anavuka bila kuangalia kushoto wala kulia.

Fundi_Waya_Jinja

Haha, kutoka Karuma kwenda Pakwach ile barabara imenyooka bwana, mguu unachoka.

Nirudi kwa @SpacioWaArua kwenye milango. Muuzaji amekudanganya au hajui. Mota nne ni za gari lisilo na sentro loki kabisa. Wewe unayo, mota za kiwandani ziko ndani ya milango na zina afya. Unachohitaji ni boksi liigize kidole chako kwenye swichi ya dreva, basi. Hizo mota nne zirudishe au muuzie mwenye gari la vitasa vya kuvuta kwa mkono.

Swichi ya Toyota nyingi za umri huo inafanya kazi kwa athi. Waya wa kufunga umekaa na volti zake, ukibonyeza unaguswa na athi, milango inafunga. Waya wa kufungua vivyo hivyo. Pima: ncha nyeusi ya multimita kwenye bodi, nyekundu kwenye waya unaoushuku, mtu abonyeze kufunga. Volti zikianguka mpaka sifuri wakati wa kubonyeza kisha zikarudi, umeupata. Usifanye kazi hiyo ndani ya mlango, waya huo huo unapita chini kushoto au kulia kwa miguu ya dreva, toa kile kipande cha plastiki cha pembeni utaona furushi la nyaya limekuja kutoka mlangoni. Hapo hakuna mvua wala kukunjwa kila mlango ukifunguliwa.

Boksi lako lina rilei mbili ndani, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, moja ya kufunga na moja ya kufungua, na kila rilei ina waya tatu. Ile ya katikati, COM, funga kwenye athi. Ile ya NO, inayogusana na COM rilei ikifanya kazi, unganisha na waya wa kufunga wa gari, na kwa rilei ya pili na waya wa kufungua. Ile ya NC haina kazi kwako, ikate na kuifunika vizuri isiguse kitu. Rangi nisikudanganye, kila kiwanda kina zake, soma karatasi iliyokuja nalo. Nyaya mbili za kahawia kwa boksi nyingi ni za indiketa, moja kushoto moja kulia, zinawaka ukifunga ili ujue limefunga.

Na tafadhali usitumie tepu nyeusi peke yake. Joto la Arua ndani ya gari lililofungwa mchana, gundi inayeyuka, tepu inajifungua, unakuta waya uko uchi na umejaa utelezi. Solda halafu ule mpira unaonywea kwa moto wa kiberiti, au viunganishi vya kubana kwa koleo lake. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata mimi sivitaki, vinakata nyuzi nusu halafu vinaleta kutu.

SpacioWaArua

Wakubwa nimerudi, wikendi ya kwanza imeisha. Mikono imejaa mikwaruzo.

Jumamosi nikapima kama fundi alivyosema. Ulimi wa mlango nikausukuma, nikasubiri dakika ishirini nimekaa kwenye ndoo, mke wangu akapita akaniuliza nangoja nini nikamwambia gari lilale, akaondoka bila kusema kitu. Nikasoma: 0.38. Nikachomoa fyuzi moja moja, ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ile iliyoandikwa DOME (ya taa ya ndani, na moto wa kudumu wa redio unapita humo) ikashuka mpaka 0.03 hapo hapo. Banange, nilipiga kelele.

Nikatoa redio. Fundi wa Jinja sijui kama una macho ya mchawi. Njano na nyekundu zimesokotwa pamoja, zimefungwa tepu, na tepu yenyewe imeshaanza kuachia. Waya wa aksesori wa gari ulikuwa hapo hapo kwenye plagi ya zamani umekatwa na kuachwa, hata hakujaribu. Nikatenganisha, nyekundu nikaiunga na aksesori, nikasolda, mara ya kwanza solda ilibaki kama tone juu ya waya haikuingia ndani, ya pili nikapasha waya wenyewe kwanza ndipo ikaingia kama maji kwenye sponji. Kurudisha fyuzi na kupima tena: 0.04. Na sasa nikitoa ufunguo skrini inazima yenyewe, nilisimama hapo nikawa nageuza ufunguo kama mtoto.

Gari limelala tangu Jumapili mchana mpaka Alhamisi asubuhi makusudi, nimetembea kwa boda siku zote hizo. Likawaka kwa mguso mmoja. Ile betri ya zamani nilimpa fundi kwa hela ya chuma chakavu, ilikuwa nzima. Inauma.

Kisanduku cha ETC afande nimekipata chini ya usukani, nyaya tatu kweli kama ulivyosema. Nimekitoa. Watoto wamenuna, wanasema nimemfukuza mama wa Kijapani.

Fundi_Waya_Jinja

0.38 mpaka 0.04, safi sana. Hiyo betri ya zamani pole.

MamaTwins_Bombo

Na kamera??

SpacioWaArua

Kamera imeingia jana, sabuni imefanya kazi dada, dakika kumi. Vitanzi sijavigusa. Mwembe nauona sasa mpaka magome yake.

Rimoti nayo inafanya kazi kutoka barazani, ila nimechanganya nyaya mbili za rilei, kitufe chenye kufuli lililofungwa kinafungua na chenye kufuli lililo wazi kinafunga. Nilikuwa nimeshafunga plastiki zote za dashibodi ndipo nikaona. Mke wangu ameshaizoea, anasema niache hivyo hivyo, mwizi akiokota rimoti atachanganyikiwa.

Afande_Mstaafu

Kijana, ni nyaya mbili. Fungua hiyo plastiki.

SpacioWaArua

Jumamosi afande.